Mjadala: Komedi ikinyang'anywa lafudhi ya Mchaga na Mmasai, inabaki na nini?

MLETA MADA (Moshi)
Wakuu, heshima kwenu. Hoja naitoa mapema ili anayetaka kunirarua asipoteze muda: mchekeshaji anayeishi kwa kuiga lafudhi za makabila ni mvivu, na sisi watazamaji ndio tunaomlea.

Desemba iliyopita tulikuwa nyumbani Tarakea, kule mpakani na Kenya, ukoo mzima, mnajua Krismasi ya uchagani ilivyo. Jioni wadogo zangu wakaweka komedi moja ya Kibongo. Mle ndani kuna Mchaga. Ana duka, bila shaka. Anahesabu hela, bila shaka. Anaburuta maneno na kupachika "aisee" kila anapovuta pumzi, vijana wanagaragara. Bibi yangu, ambaye Kichaga ndiyo lugha anayoota nayo ndoto, alikaza macho kwenye runinga kwa muda mrefu, mwisho akauliza, "Huyu anaongea lugha ya wapi?"

Baadaye wakaweka Mr. Bean, kile kipindi cha Krismasi cha mwaka 1992. Saa yake inadumbukia ndani ya bata mzinga, anaingiza kichwa kuitafuta, kichwa kinanasa, na mchumba anabisha hodi. Bibi alicheka hadi akajifuta machozi na pindo la kanga. Bibi hamjui Rowan Atkinson anayemcheza Mr. Bean, bata mzinga hajawahi kumla, na yule Mwingereza hatamki maneno kumi ya maana. Lakini mtu aliyejiletea balaa kwa mikono yake, halafu mgeni yuko mlangoni, hilo bibi analijua vizuri sana. Vipindi vile havifiki hata 20, vilitengenezwa kati ya 1990 na 1995, na hadi leo ukipanda basi la Dar unaweza kuwekewa.

Hata hapa kwetu tulikuwa naye mchekeshaji King Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018. Mimi namkumbuka kwa ubishi, kwa uzee uliokataa kuzeeka, kwa namna alivyojitetea huku anazidi kuzama. Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Karibuni.

MCHANGIAJI (Ngarenaro, Arusha)
Wewe Mchaga una bahati, angalau wanakupa duka. Mimi Mmasai kwenye komedi nina ajira moja tangu nizaliwe: nasimama getini na fimbo, nashangaa simu. Mimi ni mhasibu. Kuna wateja wakinisikia natamka neno lenye "f" wanacheka kwanza, ndipo wanauliza habari ya hesabu zao. Sijakasirika, nimechoka tu.

MCHANGIAJI (Sakina, Arusha)
Mnakuza mambo. Mleta mada, kama umekulia Tarakea basi Vitimbi, ile komedi ya KBC, televisheni ya Kenya, unaijua. Mzee Ojwang alibeba lafudhi ya Kijaluo mwanzo mwisho, na aliyemcheza, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu! Alipofariki Julai 2015, Kenya nzima ilimlilia, Wajaluo wakiwemo. Naye alikuwa mvivu? Na lile kundi la Ze Comedy enzi za runinga ya EATV, kabla hawajahamia TBC na kuwa Orijino Komedi, nusu ya kazi yao ilikuwa kuiga watu. Nchi ilikuwa inasimama.

MLETA MADA
Kwa Ojwang umenibana, nakiri. Tena umenikumbusha mbali. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo sisi wa mpakani tulianza kucheka Kikenya kabla ya kucheka Kibongo. Jirani yetu alikuwa na runinga moja na antena juu ya mti, mtoto mmoja kazi yake kuigeuza na kuuliza kwa sauti, "Imeshika?"

Lakini mtazame Ojwang vizuri. Ana mke, Mama Kayai, asiyemwogopa. Ana tamaa zake, ana woga wake, ana ujanja unaomrudia. Mpe Kiswahili cha Unguja leo, bado ni mzee yule yule na bado atakuchekesha. Sasa mnyang'anye lafudhi yule Mchaga wa Desemba niliyemwona. Kinabaki kibanda cha duka na kikokotoo. Na Ze Comedy waliwaiga wakubwa, watu wenye kipaza sauti chao wenyewe. Kumuiga waziri si sawa na kumuiga mlinzi.

MCHANGIAJI (Pasua, Moshi)
Mbona hamgusi wanaume wanaovaa magauni ili tucheke? Ile inanikera kuliko lafudhi.

MLETA MADA
Kaka, hiyo ifungulie mada yake, hapa tutachafuana.

MCHANGIAJI (Majengo, Moshi)
Mimi ni Mpare, na ninyi Wachaga ni watani zangu. Babu zetu wametaniana hadi kwenye misiba na hakuna aliyekwenda kulalamika. Leo mtani kavaa miwani ya kusoma, eti utani ni uvivu. Mkianza kufuta lafudhi mtafuta na utani wenyewe, tubaki tunacheka na Waingereza walionasa kwenye kuku.

MLETA MADA
Bata mzinga, mtani, siyo kuku.

Umegusa penyewe lakini. Ukija msibani kwetu ukanivua kofia na kusema marehemu kafa kwa kuhesabu hela, nakubali, nacheka, kwa sababu nina zamu yangu. Kwenu pakitokea nitakuja na yangu, na unajua nitasema nini kuhusu Mpare na kesi. Tena ukishanitania unabaki kuchota maji na kupanga viti. Runinga hainipi zamu. Bibi alipouliza lile swali lake, yule jamaa wa kwenye komedi hakumsikia. Mhasibu wa Ngarenaro naye atamjibu nani, geti?

MCHANGIAJI (Ngarenaro, Arusha)
Geti tumelizoea, halina neno.

MCHANGIAJI (Majengo, Moshi)
Sawa mtani, nimesikia. Ila umeniita mbishi bila kulitaja neno, na umenisahihisha kuku mbele za watu. Hiyo ni kesi. Ng'ombe nimeshauza, tukutane mahakamani.