Wakuu, kuna mwingine anayesikiliza RSG akiwa safarini?

Usukani_N14:
Wakuu, heshima kwenu. Navuta semi Johannesburg–Upington. Ukiipita Vryburg kuelekea Kuruman, barabara ni mstari tu, miiba na uzio wa waya, na kwenye kiredio changu stesheni zinapotea moja moja. Inayobaki ni RSG, Radio Sonder Grense, yaani Redio Isiyo na Mipaka, stesheni ya Kiafrikana. Ipo kati ya 100 na 104 FM. Ikianza kukwaruza unasogeza kidogo, unaikuta tena.

Mwanzo niliiacha iongee nisisinzie. Usiku mmoja wakaweka mchezo wa redio, wenyewe wanaita hoorspel. Sikuelewa hata robo. Lakini mlango ulilia, mwanamke akanyamaza, kijiko kikagonga kikombe mara mbili, nikajua: huyu mama siri keshaijua! Kuruman niliipita bila kusimama kula.

Tangu hapo naokota maneno. Twiga ni kameelperd, ngamia-farasi. Kiboko ni seekoei, ng'ombe wa bahari (bahari ipi, sijui). Aliyenimaliza ni kinyonga: verkleurmannetjie, kijitu kinachobadili rangi. Nyie mlijifunzaje?

Mkongwe_wa_Jozi:
Mimi hapana, mkuu. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto waliandamana kwa sababu walilazimishwa kusoma mpaka hisabati kwa lugha hiyo, wakapigwa risasi. Nina jirani mzee, akisikia Kiafrikana anaingia ndani na kufunga mlango. Sikulaumu, ila hilo ulijue.

Dada_wa_Cape:
Mzee wangu, nakuelewa kabisa. Ila hiyo lugha si ya makaburu peke yao. Wengi wanaoizungumza majumbani si Wazungu. Waislamu wa Bo-Kaap, mtaa wa Cape Town, waliiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Kitabu cha dini cha shehe Abu Bakr Effendi kilipigwa chapa Istanbul mwaka 1877, Kiafrikana kwa herufi hizo. Na ndizi wanaiita piesang, Kimalei hicho.

Usukani, anza na taarifa ya habari. Pitia kwanza habari za siku kwa Kiingereza ndipo usikilize. Majina ya watu na miji yatakushika mkono.

Usukani_N14:
Mkongwe, nimekusoma. Nikipita mitaa ya kwenu nitaizima.

Dada, nimefanya ulivyosema wiki nzima. Utabiri wa hali ya hewa sasa naushika: reën ni mvua, wind ni upepo. Juzi Kuruman nimemshukuru fundi wa matairi kwa Kiafrikana, sentensi nzima. Akaweka spana chini, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia redioni. Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi: "Ndiyo maana! Unaongea kama msomaji wa taarifa ya habari."