Mfuniko wa tangi la kombaini ya mpunga: turubai, bati au wa mota? Na milango ya chini je?

Majaruba_Usagara
Wakuu, mwadila. Mashine ni kombaini ya mpunga ya cheni za mpira, tangi wazi la lita 1,400, mdomo wa tangi sentimita 160 kwa 120. Kazi ni Misungwi na Magu kuanzia Mei, wakati mvua za mwisho za masika bado zinavizia alasiri. Nalinganisha vitu vitatu: turubai juu ya matao, bati la bawaba vipande viwili, na mfuniko wa mota unaofungwa kwa swichi dereva akiwa kitini. Halafu milango ya kusafishia chini ya tangi inavuja mpunga. Niweke ya bawaba, ya kutelezesha, au nibaki na bamba la boliti? Naomba vipimo, tafadhali. "Turubai linatosha mkuu" nimeshaisikia.

Fundi_Geji
Mkuu, anza na hesabu ya maji kwanza, ndipo utajua unapigana na nini. Mdomo wako ni karibu mita za mraba 1.9. Mvua ya milimita 20, ambayo huku ziwani ni wingu moja tu la saa kumi jioni, inaingiza lita 38. Tangi likijaa lina kama kilo 780 za mpunga. Ukigawa maji hayo kwa tangi zima, mpunga wa unyevu wa asilimia 18 unapanda hadi karibu 22. Lakini maji hayajigawi hivyo: mengi yanabaki tabaka la juu. Sentimita 20 za juu ni kama kilo 215, na zikimeza yote zinafika asilimia 30. Hapo una tangi moja lenye mipunga miwili tofauti, na ukipakua inachanganyika.

Turubai: usinunue lile la bluu la kufumwa la kufunikia mahindi. Jua la huku linalipasua kwenye mikunjo, na unyuzi wake ukianza kuchomoka unaingia kwenye oga, ile parafujo inayosukuma nafaka. Chukua la PVC la gramu 600 hadi 680 kwa mita ya mraba, lile la pembeni mwa malori. Matao ya bomba la nusu inchi, manne: mawili mwanzo na mwisho, mawili katikati, ili nafasi isizidi sentimita 55. Kimo cha tao sentimita 15 katikati. Kitambaa kikate sentimita 190 kwa 155, ili kila upande ushuke sentimita 15 nje ya ukingo.

Kosa la kila mtu ni kufunga turubai bapa bila matao. Linalegea, maji yanatuama katikati. Dimbwi la mita moja ya mraba lenye kina cha sentimita 5 ni kilo 50, na dereva akilivuta kufungua, kilo 50 zote zinamwagika ndani ya mpunga. Afadhali asingefunika.

Rili_12V
Naongezea la mota, maana watu hulilaumu wakati kosa ni la waya. Mota ya kukunja mfuniko wa ukubwa huo inaweza kuvuta ampea 20 inapoanza kuinua. Ukivuta waya wa milimita za mraba 2.5 kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza volti 1.4 njiani. Betri ya 12 ikiwa imechoka kidogo, mota inabaki na volti 10 na ushee, inaguna na kusimama nusu, mvua ikiingia. Weka waya wa milimita za mraba 6, hasara inashuka hadi volti 0.6. Fyuzi ya ampea 30 iwe karibu na betri, sio kule juu kwenye tangi. Rili (swichi inayowashwa na mkondo mdogo) mbili za ampea 40, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Swichi ya kitini ibebe mkondo wa rili tu. Ukiipitishia ampea 20 moja kwa moja itaungua ndani ya msimu.

Swichi za ukomo, zile zinazokata umeme mfuniko ukifika mwisho, ndizo zinazoua mifumo hii kwenye mpunga. Vumbi la mpunga ni laini na kali, linaingia kwenye kitufe na kukwama. Zinunue zilizozibwa, zifunge mdomo ukitazama chini. Na lazima kuwe na pini ya kuchomoa ili mfuniko ufungwe kwa mkono. Mfumo wa mota usio na njia ya mkono usiukubali hata ukipewa bure.

Majaruba_Usagara
Shukrani. Kwa hiyo mota ni ya kuepuka?

Rili_12V
Sijasema hivyo. Faida yake ni moja na ni kubwa: dereva hafiki juu ya mashine. Kwenye turubai, mtu anapanda ngazi yenye tope mvua imeshaanza. Kama una msaidizi shambani muda wote, faida hiyo inapungua. Kama dereva yuko peke yake, mota inajilipa kwa usalama kabla ya mpunga.

Fundi_Geji
Sasa bati. Bati jeusi la milimita 1.5 lina kilo 11.8 kwa mita ya mraba. Eneo lako linatoa kilo 23, ongeza fremu ya engo (chuma cha pembe) ya milimita 25 kwa 25 kwa 3, kama kilo 10, jumla 33. Vipande viwili, kila kimoja kilo 16 na kitu. Alumini ya milimita 2 ni kilo 5.4 kwa mita ya mraba, yaani kilo 10 kwa mabati yote mawili kabla ya fremu. Mtu mmoja anaifungua bila kulaani. Ila usiikaze alumini moja kwa moja kwenye chuma. Pakilowa, alumini inaliwa kuzunguka kila ribiti hadi tundu linapanuka. Tia washa za nailoni na utepe wa mpira kati yake. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo hatuli kutu kama wenzetu wa Tanga, lakini umande na vumbi la mbuga (mashamba ya udongo mweusi) vinatosha kufanya kazi hiyo polepole.

Bawaba ziwe kwenye pande ndefu, vipande vifunguke kama madirisha na vikifungwa vikutane katikati kama paa, mgongo ukiwa juu kwa sentimita 8 au 10. Kipande kimoja kilale juu ya mwenzake kwa sentimita 4. Kile cha chini kifungwe kwanza, na ukipake rangi tofauti dereva asikosee. Kingo zishuke sentimita 3 nje ya ukingo wa tangi. Sehemu inayovuja kwenye kazi za mafundi wengi ni mstari wa bawaba wenyewe, kwa sababu maji ya paa yanateremka moja kwa moja kwenye nafasi ile. Funika kwa ukanda wa tyubu kuukuu ya lori, upana sentimita 10, ribiti upande wa juu tu, upande wa chini uachwe huru.

Za kushikilia mfuniko ukiwa wazi, zile shokapu ndogo za gesi za mlango wa nyuma wa Noah zinafaa. Upepo wa ziwani wa alasiri unaweza kuangusha kipande cha kilo 16 kwenye vidole, kwa hiyo weka na nondo ya kukingia. Usitegemee gesi peke yake.

NgaziYaTangi
Kabla hajakata bati lolote, apime mdomo wa oga ya kujazia. Kwenye mashine nyingi za Kijapani na Kichina za cheni, mdomo huo umesimama juu ya ukingo wa tangi. Ukiweka mfuniko bapa haufungi, au unafunga huku ukiupinda. Pima mdomo ulipoishia, ongeza sentimita 5 za mtikisiko. Angalia pia sensa ya tangi kujaa: kile kibati chake kikiguswa na mfuniko kinapiga honi siku nzima, na dereva atachomoa waya. Siku ya kwanza baada ya hapo tangi linafurika.

Ekzosi nayo. PVC inalainika kwenye joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia. Acha sentimita 40 au weka kinga ya bati.

Mama_Dengu
Ninyi mnazungumzia kuzuia maji tu, lakini mpunga mbichi una maji yake ndani. Ukivuna kwenye asilimia 22 na ukafunga mfuniko wa bati usiku kucha, mpunga unapumua, unapata joto, mvuke unapanda, unagonga bati lililopoa na kudondoka juu ya mpunga ule ule. Asubuhi tabaka la juu limelowa na hakukunyesha. Joto hilo ndilo linalotoa mchele wa njano. Mfuniko ni wa kushika mvua ya saa moja hadi upakue. Tangi halijawa ghala. Kama gari la kubeba limekwama, achia kingo mbili za turubai zinazotazamana hewa ipite, au mwaga kwenye maturubai chini.

Na mvua ina madhara zaidi kwa mpunga mkavu kuliko mbichi. Punje iliyoshuka chini ya asilimia 16 hivi ikilowa ghafla inapasuka kwa ndani, ganda likiwa zima. Huoni kitu shambani. Unakuja kuona kinuni, chenga tupu. Kwa hiyo mashamba ya mwisho ya Julai, hata manyunyu madogo, funga.

Majaruba_Usagara
Hilo la mpunga mkavu sikulitarajia, mama. Asante. Kuna aliyenishauri bati lisimame wima likiwa wazi liwe ukuta wa kuongeza ujazo. Mnasemaje?

NgaziYaTangi
Sentimita 30 za ukuta kwenye mdomo wako ni mita za ujazo 0.58, kama kilo 320 za mpunga, zote juu kabisa ya mashine. Kwenye jaruba kavu utapona. Kwenye mbuga iliyolowa cheni zinazama na mashine inalala upande inapovuka tuta. Bawaba nazo hazikutengenezwa kusukumwa na nafaka kutoka ndani. Isitoshe oga ya chini inaanza ikiwa na mzigo mkubwa, mpunga mbichi unajishika, boliti ya usalama inakatika. Watu wakichoka kuibadilisha wanaweka boliti ngumu ya gredi 10.9, na kinachokatika safari hiyo ni cheni ya oga au giaboksi. Kataa.

Elevata_Nyakato
Nije kwenye milango ya chini maana mmeisahau, na ndiyo inayopoteza mpunga kila siku, mvua au jua. Mvujo wa gramu 100 kwa dakika hauonekani kwenye mabua. Kwa saa 8 ni kilo 48.

Punje ya mpunga ina unene wa milimita 2 hivi. Pengo la milimita 3 linaipitisha kwa kichwa. Kwa hiyo kipimo cha mlango mzuri ni huu: kadi ya simu iliyokunjwa mara mbili isipite popote.

Bamba la boliti: linaziba vizuri kuliko yote, lakini boliti sita za kufungua kila jioni hakuna atakayezifungua. Oga ya chini inabaki na mpunga, unaota au unaoza, na asubuhi oga imekwama. Linafaa mahali pa kufungua mara moja kwa msimu tu.

Wa kutelezesha: mzuri kwenye picha. Kwenye mpunga makapi na vumbi vinajaa njia zake, unafunga hadi robo tatu na kudhani umefunga. Kama lazima, njia ziwe wazi upande wa chini ili uchafu udondoke.

Wa bawaba unaofunguka nje, bawaba juu, komeo la kubana chini: huu ndio wangu. Ukubwa sentimita 20 kwa 30, mkono na kiwiko viingie. Mpira uwe wa sponji ya vinyweleo vilivyofungwa, milimita 12, ukibanwa ubaki 8. Sponji ya godoro inanyonya maji na kuozesha ukingo. Wanaoziba kwa silikoni, mkifungua mara ya pili imechanika, na vipande vinaingia kwenye mpunga. Komeo litiwe pini ya klipu, maana mtikisiko unafungua chochote, na nati za masikio ndizo za kwanza kupotea. Ukihamia dengu kwenye mbuga hizo hizo, punje haipiti pengo la milimita 3 lakini inakaa kwenye ukingo na kuzuia mlango usibane. Futa ukingo kila unapofunga.

Mlango wa chini wa elevata (kipandisha nafaka) ufanyie hivyo hivyo. Huo watu huukumbuka cheni ikishakatika.

Mama_Dengu
Na kabla ya mkono kuingia kwenye mlango huo: injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa anayeingiza mkono, oga imesimama kabisa. Ndani ya tangi mtu asiingie kusukuma mpunga mbichi kwa mguu oga ikizunguka, hata kama amefanya hivyo misimu kumi. Koleo la plastiki la mpini mrefu, kutoka juu.

Majaruba_Usagara
Basi naelekea kwenye turubai la PVC na matao manne, milango ya bawaba chini. Msaidizi yupo. Kufungia, kamba gani?

Fundi_Geji
Vipande vya tyubu, upana sentimita 3, kila sentimita 40, ndoano ya nondo ya milimita 6. Shambani vinatosha. Ukiipakia mashine kwenye lori kwenda Sengerema, vua turubai kabisa ulikunje ndani. Upepo wa juu ya daraja la Kigongo–Busisi hauombi ruhusa. Na kama ungebaki na bati, ungepima urefu wa mashine vipande vikiwa wazi kabla ya kupita chini ya nyaya za umeme.

Elevata_Nyakato
Msimu ukiisha, turubai lifungwe juu, milango ya chini iachwe wazi na tangi lifagiwe hadi punje ya mwisho. Mpunga ukibaki kwenye oga panya wanahamia, na wakimaliza mpunga wanaanza na waya za sensa.

Majaruba_Usagara
Sawa wakuu. Kesho napima mdomo wa oga ya kujazia kwanza, nitarudi na namba.