Lido: ni bwawa au ni ufuko?

Mpenda Kamusi
Wakuu, nafasiri makala ya Kiingereza ambamo "lido" ni bwawa la kuogelea lisilo na paa. Makala nyingine, ya Venice, inaitaja kana kwamba ni kisiwa. Asili yake ni nini, na kwa Kiswahili niandikeje?

Mzizi wa Neno
Zote mbili ziko sahihi. Kwa Kiitaliano lido ni ufuko wa bahari, kutoka Kilatini *litus*, yaani pwani. Lido ya Venice ni kisiwa chembamba, urefu wake kilomita 11 hivi, kinachoukinga mji na mawimbi ya Adriatiki. Katika karne ya 19 watu walianza kumiminika huko kuoga baharini, jina likavuma Ulaya.

Waingereza walilichukua, na miaka ya 1930 halmashauri zao zilipojenga mabwawa mengi ya wazi, yakaitwa lido. Bwawa la Tooting Bec, London, lilifunguliwa 1906 bila jina hilo. Lilikuja kubandikwa baadaye. Na lido ya Serpentine katika Hyde Park, iliyofunguliwa 1930, wala si bwawa la kujengwa: ni sehemu ya ziwa iliyotengwa kwa waogaji.

Kalamu ya Pwani
Naongezea upande wa tafsiri, maana hapo ndipo watu wanapoteleza. Lido ya Kiingereza si maji peke yake. Ni pamoja na mahali pa kujilaza juani, vyumba vya kubadilishia nguo, mara nyingi na mgahawa. Ukiandika "bwawa la kuogelea" tu, msomaji anaweza kufikiria la ndani ya jengo. Andika "bwawa la wazi la kuogelea" mara ya kwanza, kisha "bwawa" inatosha.

Matini ikihusu Italia, usiguse neno bwawa. Tamasha la filamu la Venice hufanyika Lido, kisiwani. Ukisema "kwenye bwawa" umeharibu habari nzima. Bwawa la kuogelea kwa Kiitaliano ni *piscina*, neno lililotokana na samaki: kwa Warumi lilikuwa kwanza bwawa la kufugia samaki. Karibu nasi, Liido ya Mogadishu ni ufuko, kwa maana ile ile ya Kiitaliano.

Birika na hodhi ningeviacha. Vyote vinahifadhi maji, lakini birika kwa wasomaji wengi leo ni la chai, na hodhi linaleta picha ya chombo au tangi, si mahali pa kupiga mbizi.

Mpenda Kamusi
Asanteni sana. Na "lido" ya kwenye meli za kitalii?

Kalamu ya Pwani
Hiyo ni sitaha ya juu yenye bwawa. Andika "sitaha ya bwawa". Kama ni jina lililobandikwa kwenye ramani ya meli, acha "Sitaha ya Lido", abiria asije akapotea.

Mzizi wa Neno
Matamshi: Waingereza wengine husema "laido". Kwa Kiswahili soma lilivyoandikwa, li-do, na ndivyo Waitaliano wasemavyo.