Mrejesho: usukani uliokuwa ukinata umelainika

Ndugu zangu, niliuliza kuhusu gari langu la spoti la 2001: usukani wa umeme ulinata katikati, nikawa naurekebisha kila mara barabarani.

Mota ya umeme inayosaidia kugeuza usukani haikuwa na hatia. Tulichomoa fyuzi yake, tukainua magurudumu ya mbele kwa jeki. Hata bila mota, usukani ukakwama palepale katikati. Fundi wangu hapa Nakuru akakuta jointi ya shafti ya usukani imekauka na kushika kutu, upande mmoja haipindi kabisa. Akaipulizia mafuta ya kupenya, akaichezesha zaidi ya nusu saa, kisha akaipaka grisi. Raki (sehemu ya chini inayosukuma magurudumu kushoto na kulia) hatukuigusa, na nilishaanza kutafuta nyingine!

Jana nimeenda Njoro na kurudi. Baada ya kona usukani unajirudi wenyewe. Aliyesema nianze na fyuzi, Mungu akubariki sana.