Kizimba cha hamsta hapa Lubumbashi: cha dukani, cha kasuku, akwariamu, plastiki au cha seremala?

MamaKeren_Golf

Jambo sana wote. Jirani zetu wageni wamemaliza mkataba wao mgodini na kurudi kwao. Vitu vyao wameuza, ila hamsta, yule mnyama wa kufugwa wa jamii ya panya, wamemwachia binti yangu pamoja na kizimba chake. Ni yule mkubwa wa rangi ya dhahabu, dume, hajatimiza mwaka.

Kizimba chenyewe ni cha fito nyembamba, chini kina sinia ya plastiki, juu kuna kighorofa na mabomba ya rangi rangi ya kupitia. Nimekipima kwa futi ya kushonea: sentimita 46 kwa 29. Usiku kucha anaguguna fito, asubuhi unamkuta pua imechubuka. Nataka kumbadilishia, na mfukoni nina dola 60.

Naona njia hizi. Kubaki na hiki na kuagiza mabomba mengine ya kuunganisha, kwa hawa wanaopitisha mizigo ya Afrika Kusini pale mpakani Kasumbalesa. Kuchukua kizimba cha kasuku kilicholala bure kwa shangazi yangu, kirefu karibu kunifikia mimi. Kununua akwariamu ya mtumba, mita moja kwa 40, kioo cha ubavuni kina ufa kwa hiyo samaki haiwafai tena. Kutoboa sanduku la plastiki, yale ya kuwekea nguo. Au kwenda kwa seremala. Aliyefuga aniambie.

PapaDjo_Kamalondo

Mama Keren, cha kasuku ni bure na hewa inapita pande zote. Mnatafuta nini mbali? Weka ngazi ngazi ndani, atapanda na kushuka, usiku utaisha.

kasapa_veto

Papa Djo, heshima yako, lakini huyu si panya wa darini. Hamsta macho yake ni hafifu, hajui kupima urefu. Akifika ukingoni anajiachia tu. Kutoka juu ya kizimba kama hicho anavunjika mguu. Tena fito za kasuku zimeachana sentimita mbili au zaidi. Kwa hamsta mkubwa uwazi usizidi sentimita moja, kwa wale wadogo vijeba ni milimita 7. Kichwa kikipita, na mwili umepita.

Mama, hesabu ya kwenda juu iache kabisa. Mnyama huyu kwao anaishi chini ya udongo. Wale walioanzisha ukoo wa wanaofugwa walichimbuliwa karibu na Aleppo, Syria, mwaka 1930, na mashimo ya huko yanazama nusu mita na kupita. Kwa hiyo uliza mambo mawili kwa kila kizimba: sakafu ina ukubwa gani, na naweza kujaza matandiko kina gani? Madaktari wa wanyama wa Ujerumani wanashauri sakafu isipungue mita moja kwa nusu mita. Hiyo ni sentimita za mraba 5,000. Chako kina 1,334. Robo na kidogo! Na sinia yake, nikikisia, haishiki matandiko kupita vidole vinne. Ndiyo maana anaguguna fito: hana pa kuchimba, anatafuta njia.

Mabomba hayatatui kitu. Ndani yake hewa haitembei, mkojo unabaki, kuyaosha ni adhabu, na dume mkubwa akijaza chakula kwenye mifuko ya mashavu anaweza kukwama katikati.

Angalia na gurudumu. Akikimbia, mgongo unapinda kuelekea juu? Basi ni dogo. Huyu anataka kipenyo cha sentimita 28 hivi, na pa kukanyagia pawe pazima, si vijiti vya ngazi. Vijiti hunasa mguu.

PapaDjo_Kamalondo

Sawa, mwanafunzi, nimesikia. Labda anaguguna kwa upweke. Mtafutieni mke.

kasapa_veto

Hapana kabisa, Papa! Hamsta wa dhahabu akishakua ni wa peke yake mpaka kufa. Ukimwekea mwenzake, wanapigana hadi mmoja anakufa, na jike ndiye mkali zaidi.

YayaMimi_Bukavu

Hapo ndipo watu wanamchanganya na kobai, yaani simbilisi. Huku kwetu Bukavu na vijiji vyake kobai wanafugwa kwenye nyumba nyingi, mara nyingi wanazunguka tu jikoni, na wao ndio wanaotaka wenzao. Hamsta usimweke na kobai pia, hata kama kibanda ni kikubwa kama chumba.

Mimi natetea sanduku la plastiki. Dada yangu mdogo anaye hamsta, na ndiko anakoishi. Ni jepesi, unalitoa uani unaliosha kwa sabuni, jua linalikausha, mchana limerudi. Mkojo haupenyi. Na jambo ambalo watu hawalijui: ukuta laini wa plastiki hamsta hauguguni, meno hayapati pa kushika. Anachoshika ni ukingo. Kwa hiyo usitoboe vitundu vitundu ubavuni. Kila kitundu ni mwanzo wa mlango. Kata dirisha kubwa kwenye kifuniko, weka wavu wa chuma kwa juu, ufunge kwa bolti, washa na nati. Gundi peke yake haishiki.

Ubaya wake ni mmoja, ukubwa. Kubwa nililoliona sokoni lilikuwa na sentimita 80 kwa 55.

Fundi_Katuba

80 kwa 55 ni 4,400. Bado haijafika ile ya Wajerumani. Na akwariamu ya mita kwa 40 ni 4,000.

Ruashi_243

Namba tu hizo, fundi. Akwariamu ina kitu ambacho ninyi hamna. Tuliweka matandiko ya sentimita 25, baada ya siku chache mahandaki yakatokea kwenye kioo, unaona chumba cha kulala, ghala la mbegu za alizeti, njia ya dharura. Watoto waliacha televisheni. Hakuna cha kuguguna wala pembe ya kuoza.

Masharti: kifuniko kiwe wavu mtupu, si ubao wala kioo, hewa iingie. Ule ufa uzibwe kwa silikoni na kipande cha kioo kubandikwa kwa nje, iachwe ikauke mpaka harufu iishe. Na usiiweke dirishani. Oktoba hapa joto linapita 30, kioo kikipigwa na jua ndani kunakuwa oveni. Uzito nao ni wa kweli: ikishajazwa inataka wanaume wawili, kwa hiyo chagua mahali mara moja.

MamaKeren_Golf

Aksanti sana, nyote. Ruashi, umenitamanisha na hayo mahandaki. Fundi, nawe umetaja namba ukanyamaza, sema basi. Mbao hataitafuna?

Fundi_Katuba

Nilikuwa nangoja niulizwe, mama.

Karatasi moja ya tripleksi, yaani plaiwudi, ni sentimita 244 kwa 122. Ikate hivi. Nusu ya kwanza inakupa sakafu na mgongo, kila kimoja 122 kwa 61. Nusu ya pili unaigawa tena: sehemu moja ni mbavu mbili za 61 kwa 61, nyingine unakata ubao wa mbele wa chini wenye kimo cha 25, na inabaki fito ya 36 ya kutengenezea kighorofa kifupi na nyumba yake. Msumeno unakula milimita chache, basi. Hakuna kinachotupwa. Sakafu inakuja karibu 7,400, mara tano na nusu ya alichonacho sasa.

Juu ya ule ubao wa mbele unaweka kioo kinachoteleza kwenye mfereji. Matandiko yanaishia kwenye ubao, mtoto anatazama juu yake. Ukitaka kuona mahandaki kama kwa Ruashi, toa ubao, weka kioo kizima kutoka chini. Kinapendeza zaidi, ila hapo ndipo dola zako 60 zitaanza kulia. Kioo ndicho ghali, si mbao.

Kutafuna, ndiyo, atatafuna. Lakini anatafuna ukingo, si katikati ya ubao. Kona za ndani zote napigilia ukanda wa alumini wa pembe, ule wa madirisha. Wavu wa juu uwe ule wa mraba uliochomelewa, matundu ya sentimita moja au chini. Ule wa kuku wa pembe sita ni mwembamba na matundu ni makubwa mno. Wa mbu wa nailoni ni chakula chake cha jioni.

Mkojo ndio adui wa kweli wa tripleksi. Ndani napaka vanishi ya maji mara tatu, na kinakaa uani wazi wiki nzima kabla mnyama hajaingia. Ubao ule wa unga uliogandamizwa, wa makabati ya bei rahisi, sitaki hata kuuona: unanyonya na kuvimba kama mkate kwenye chai.

kasapa_veto

Nakubaliana na fundi. Naongeza tu kwamba hamsta hujichagulia kona moja ya kukojolea. Ukishaijua, weka hapo bakuli pana la udongo au la kioo lenye mchanga safi uliokaushwa. Unabadilisha mchanga kila mara, matandiko mengine huyagusi ovyo. Usimwage yote kwa mkupuo. Anapoteza harufu yake na kuanza kuhangaika upya.

YayaMimi_Bukavu

Na matandiko mtatoa wapi? Kujaza sentimita 25 kwenye sakafu ya mita na robo ni magunia.

Fundi_Katuba

Maranda karibu kila seremala anatupa. Njoo na gunia lako. Ila omba ya randa, si vumbi la msumeno, na uulize mbao gani ilirandwa siku hiyo.

kasapa_veto

Vumbi linamuua mapafu. Maranda yanayonukia utomvu, kama ya msonobari mbichi na mwerezi, hapana. Ya mbao iliyopakwa dawa ya mchwa, hapana mara mbili. Mengine yapepete, yaanike juani siku kadhaa, kisha uyapange kwa tabaka na majani makavu. Majani ndiyo yanayoshikilia handaki lisibomoke. Kiota atajitengenezea mwenyewe ukimpa karatasi za chooni zisizo na manukato, zichane vipande. Pamba usimpe, nyuzi zinafunga miguu na kuziba matumbo.

MamaKeren_Golf

Swali la baridi. Juni na Julai hapa mnajua wenyewe, asubuhi unatoa mvuke mdomoni. Kipasha joto sitegemei, umeme unakwenda unavyotaka. Kioo, plastiki au mbao, kipi kinatunza joto?

kasapa_veto

Mbao, bila shaka, na matandiko mengi kuliko yote. Yeye anataka kati ya nyuzi 18 na 24. Usiku wa Julai nje tunashuka chini ya 10. Chumbani si sana, lakini sakafu ya saruji inanyonya joto. Kiweke juu ya meza, mbali na dirisha na mlango, usiku tupia blanketi mgongoni na mbavuni huku wavu wa juu ukiachwa wazi.

Na hili naomba mlisome vizuri. Hamsta akipatwa na baridi kali anaweza kuzubaa: mwili wa ubaridi, hatikisiki, pumzi ni moja kwa muda mrefu. Anaonekana maiti. Tazama kwanza masharubu na mbavu kwa dakika kadhaa. Mpashe taratibu, kwenye viganja au ndani ya shati, chumba kikipata joto. Usimweke karibu na jiko la makaa wala kwenye maji ya moto. Akiamka, mpe maji na chakula, halafu mpeleke kwa daktari. Kitivo chetu cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kinafundisha udaktari wa mifugo, ukiuliza hapo utaelekezwa kwa mtu anayejua wanyama wadogo.

Ruashi_243

Mmesahau sisimizi. Ghala lake la mbegu linawaita kutoka mtaa wa tatu. Kila mguu wa meza uweke ndani ya kopo la nyanya, maji kidogo na tone la mafuta. Na meza isiguse ukuta, vinginevyo makopo ni mapambo.

Gurudumu usinunue. Ndoo ya rangi ya lita 20 ina kipenyo cha karibu sentimita 29. Kata chini yake, ubaki na kina cha kumi, lainisha ukingo kwa msasa, toboa katikati, funga beringi ndogo. Halipigi kelele.

PapaDjo_Kamalondo

Sasa kile cha kasuku mama atakifanyia nini? Kasuku wenyewe, wale wa kijivu wa porini, tangu 2017 biashara yao ya kimataifa imefungwa. Nina kuku watatu wanalala kwenye katoni.

MamaKeren_Golf

Njoo ukichukue, Papa, shangazi atafurahi kupata nafasi.

Nimeamua cha seremala, na ubao wa mbele, si kioo kizima, mahandaki tutayakisia. Wakati kinakauka atakaa kwenye sanduku la plastiki la YayaMimi, lile la 80 kwa 55, maana hiki cha mabomba sikitaki tena. Fundi, jambo moja linanitatiza. Kifuniko cha 122 kwa 61 chenye fremu na wavu, mtoto wa miaka kumi atakiinuaje kila jioni kuweka chakula?

Fundi_Katuba

Hakiinui. Nakigawanya mara mbili katikati, nusu moja napigilia kabisa, nyingine inafunguka kwa bawaba kuelekea nyuma, na mnyororo mfupi ili isianguke kwenye vidole. Komeo liwe la kuzungusha, si la kusukuma. La kusukuma hamsta analijifunza. Nitumie kimo cha meza yako kwanza. Kizimba kina sentimita 61, na binti akisimama lazima mkono ufike kwenye matandiko, la sivyo nitamtengenezea na kistuli.