Wiki ya tatu Z inanidanganya, na jibu ni lile lile: "piga sifuri upya"

Wakuu, leo nina hasira kwelikweli na mashine yangu ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta; Z ni mhimili wake wa juu na chini. Ubao nilioupiga randa na msasa siku mbili umeharibika tena. Biti (kisu cha kuchongea) ilitakiwa ikwangue juu juu tu, ikazama karibu nusu milimita. Nimemwandikia muuzaji wa mashine mara nne, na kila mara jibu ni kwamba sijui kupiga sifuri, yaani kuionyesha mashine uso wa ubao uko kimo gani.

Basi nikaacha kuuliza, nikapima. Nilipiga sifuri mara 10 mfululizo, bamba (kile kipande cha metali kinachowekwa juu ya ubao ili biti ishuke na kukigusa) likiwa pale pale. Vipimo vikatofautiana hadi milimita 0.4! Unene wa bamba ukiandikwa vibaya kwenye programu, kosa linakuwa lile lile kila mara. Hili langu lilikuwa linarukaruka, kwa hiyo mguso wenyewe ndio mbovu.

Klipu kwenye biti na bamba chini yake ni swichi, basi. Zikigusana, umeme unapita na Z inasimama. Nikaweka multimita (kipimo cha umeme), nikautikisa waya karibu na klipu: namba zikacheza. Kuchuna ganda, nakuta nyuzi za shaba zimekatika karibu zote. Na bamba? Alumini yenye rangi nyeusi mpaka uso wa kugusia. Ile rangi imo kwenye tabaka la oksidi, na oksidi ya alumini haipitishi umeme! Biti ilikuwa inalikandamiza bamba mpaka ipate mahali palipochubuka, ndiyo maana sifuri ilikuwa inaandikwa chini kuliko uso wa ubao. Nani anauza kitu hiki bila hata kukijaribu mara moja?

Nikabadilisha waya, nikakwangua uso ule mpaka ukang'aa. Vipimo 10 vikakaa ndani ya milimita 0.02. Nikachonga. Bado ikazama!

Hapa ndipo nilipokaribia kuitupa mashine nje. Nikapiga sifuri, nikatoa klipu na bamba bila haraka kama kawaida yangu, halafu nikaweka kidole kwenye kapulingi ya mota ya Z, kile kiungo cha mota na skrubu. Nikaisikia inazunguka, taratibu, yenyewe. Ruta (mashine inayozungusha biti) ni nzito, skrubu ya Z ina hatua ya milimita 8 kwa mzunguko, na mota ilikuwa imeachiliwa. Kwenye GRBL, programu iliyo ndani ya kidhibiti cha mashine, mpangilio uitwao $1 ulikuwa 25: milisekunde 25 baada ya mwendo kuisha, mota zinakatiwa umeme. Ruta inashuka na kidhibiti hakina habari, kinaamini biti iko pale pale.

Nimeandika $1=255, mota zishikilie muda wote. Zinapata joto kidogo, lakini tangu mchana Z haijasogea.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na mashine haina hata mstari mmoja juu ya jambo hili. Nadai pesa ya bamba na ya mbao zangu tatu. Na wewe mwenye Z ya namna hii, kabla hujafunga ubao mwingine, andika $$ (amri ya kuonyesha mipangilio yote) uone $1 yako inasema ngapi.