Mafundi, boneti haifungwi kwa kubamizwa!

Wakuu, naandika hapa nikiwa bado natetemeka kwa hasira.

Gari langu ni MGB ya 1967, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya matoleo yale ya mwanzo yenye boneti ya aluminiamu. Nimelitunza kama yai. Nikalipeleka kwa fundi kwa jambo dogo kabisa: loki ya boneti ilikuwa inashika kwa kusuasua. Jioni naenda kulichukua, namkuta anainyanyua boneti na kuibamiza kwa viganja viwili. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namuuliza vipi tena, ananijibu, "Bosi, hii ukiipa nguvu inashika."

Kesho yake niko barabarani, mwendo wa 80, boneti ikafyatuka. Ile ndoano ya usalama ndiyo pekee iliyotuokoa. Bawaba za boneti hii ziko nyuma, upande wa kioo. Ndoano ingekosa, upepo ungeingia chini na kuibwaga boneti nzima juu ya kioo, na mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu!

Nimefika nyumbani nikafungua mwenyewe. Ncha ya pini, ile iliyo chini ya boneti inayoingia kwenye tundu la loki, imechubuka upande mmoja tu, inang'aa. Yaani kila alipobamiza, pini ilikuwa inagonga ukingo wa tundu badala ya kuingia katikati. Nati ya kukazia pini naizungusha kwa vidole. Pini yenyewe kaizungusha ndani mno, imekuwa fupi, ndiyo maana haikuifikia loki mpaka boneti ikandamizwe.

Na kazi yenyewe si ngumu. Unalegeza kidogo bolti za loki, unashusha boneti taratibu pini ijitafutie katikati, unakaza. Kisha unalegeza nati ya pini na kuizungusha kwa bisibisi, nusu raundi nusu raundi: ukiirefusha boneti inakaa juu, ukiifupisha inashuka. Ikishalingana na fenda, unaishikilia pini kwa bisibisi isizunguke, unakaza nati. Grisi kidogo. Ila kabla hujafunga kabisa, mtu avute waya wa kufungulia boneti kutoka ndani ya gari nawe uangalie kama loki inafunguka hadi mwisho, la sivyo utajifungia injini yako. Mimi si fundi, na nimemaliza kwa dakika 20.

Nimempigia simu. Anasema gari la zamani ndivyo lilivyo, nizoee. Nizoee nini? Uzee wa gari haukulegeza nati, ni yeye aliyeiacha bila kukaza! Na alama za viganja vyake zipo pale mbele, mabonyeo mawili, rangi imepasuka kwenye mikunjo. Aluminiamu ikishavutika hivyo hairudi kirahisi.

Nimemwambia gharama ya kunyoosha na kupiga rangi ni yake. Amekata simu. Kesho asubuhi nipo mlangoni kwake na picha zote.